Aliyetangulia Kuamini

Nazungumza na wewe uliyeko Mnyambe, Kitangari na Newala mjini, na wewe uliyeko Masasi, Ndanda na Tandahimba. Leo nazungumzia filamu, na hasa aina moja ya filamu ambayo vijana wetu wanaipenda kuliko wazazi wanavyojua. Ni filamu za vijana walioanzisha kampuni za kompyuta na simu, wakatajirika kabla hawajafika hata miaka 30.

Filamu hizi zinatufikia kwa njia tunazozijua. Zamani ilikuwa banda umiza: mabenchi ya mbao, jenereta linanguruma nje, na sauti ya mtafsiri kama Lufufu ikitueleza kwa Kiswahili nini kinaendelea kwenye kioo. Siku hizi kijana anaingiziwa muvi kwenye flashi au kwenye kadi ya simu, kisha wanakaa wanne chini ya mkorosho wakiitazama kwenye simu moja. Ikiisha, mazungumzo yanaanza. Mmoja anasema naye ana wazo la programu. Mwingine anasema ana shangazi Dar es Salaam anayeweza kutoa kompyuta mpakato. Wa tatu anasema yeye atatafuta wateja. Pale pale, bila wao kujua, kampuni imeanza. Na matatizo ya kampuni nayo yameanza.

Kwa hiyo nataka nikupe swali moja la kuzitazamia filamu hizi. Shujaa muache kwanza. Mtazame mtu aliyetangulia kumwamini: aliyetoa fedha ya kwanza, aliyetoa wazo, aliyekabidhi mali yake kabla hajalipwa. Mfuatilie mtu huyo mpaka mwisho, uone ametendewa nini. Ukifanya hivyo utaona kwamba filamu ya kompyuta ya Marekani, filamu ya mtambo wa upepo ya Malawi na mnada wetu wa korosho hapa kwetu vinazungumza jambo moja.

Tuanze na filamu inayotajwa zaidi, The Social Network. Ilitoka mwaka 2010, ikaongozwa na David Fincher, na mwandishi wake, Aaron Sorkin, akapata tuzo ya Oscar. Inasimulia jinsi Mark Zuckerberg, kijana wa miaka 19, alivyoanzisha Facebook katika Chuo Kikuu cha Harvard mwezi Februari mwaka 2004. Mtu ambaye hajaitazama atadhani ni filamu ya kompyuta. Ukiitazama, kompyuta utaziona, lakini filamu inarudi tena na tena kwenye meza ndefu ya wanasheria. Juu ya meza kuna makaratasi, na kuizunguka wameketi vijana wa rika moja wanaoulizwa nani alimwambia nani, siku gani, na kwa maneno yapi. Ni mashauri mawili yanayosimuliwa kwa kupishana.

Shauri la kwanza ni la mapacha Cameron na Tyler Winklevoss na mwenzao Divya Narendra. Hawa wanadai kwamba walimpa Zuckerberg kazi ya kuwajengea tovuti, akawa anawapiga kalenda huku akijenga ya kwake. Shauri la pili linauma zaidi kwa sababu ni la rafiki na rafiki. Eduardo Saverin ndiye aliyetoa fedha za mwanzo. Alipoombwa alitoa, kwa sababu anayeomba alikuwa rafiki yake wa chuoni. Baadaye kampuni ikahamia California, marafiki wapya wakaja, wenye mitaji mikubwa wakaja. Saverin akapewa karatasi, akasaini akiamini kwamba wanasheria waliozileta walikuwa wake pia. Filamu inaonyesha siku anayoitwa ofisini na kugundua kwamba hisa zake zimepunguzwa hadi kubaki asilimia 0.03, wakati hisa za wenzake hazikuguswa.

Filamu ni filamu, na imeongeza chumvi. Msichana anayemwacha Zuckerberg mwanzoni mwa hadithi ni wa kutungwa, na Zuckerberg mwenyewe amesema sababu walizompa za kuanzisha Facebook si za kweli. Saverin wa kweli alibaki na hisa nyingi kuliko zile za kwenye filamu, na leo ni bilionea. Lakini mashauri yalikuwepo kweli. Mwaka 2008 mapacha Winklevoss na mwenzao walikubali kumaliza kesi kwa malipo ya fedha na hisa yaliyofikia dola milioni 65. Saverin naye alifikia suluhu na kampuni, na jina lake likarudishwa katika orodha ya waanzilishi. Hebu litafakari hilo. Mtu aliyetoa fedha ya kwanza alilazimika kwenda kwa wanasheria ili jina lake tu litambuliwe.

Kijana wetu akimaliza kuitazama filamu ile, mara nyingi huondoka na mambo mawili. La kwanza, kwamba Zuckerberg aliacha chuo, kwa hiyo shule haina maana. La pili, kwamba mtu mwenye kipaji anaweza peke yake. Mwanangu, yote mawili yanapotosha. Baba yake Zuckerberg ni daktari wa meno, ndiye aliyemfundisha mwanawe hatua za kwanza za kuandika programu, kisha akamlipia mwalimu wa kumwendeleza akiwa bado mtoto. Alipoondoka Harvard, tovuti yake ilikuwa tayari na watumiaji wengi na fedha zilikuwa zinaingia. Wala hakuwa peke yake. Mbali na Saverin, walikuwepo Dustin Moskovitz, Chris Hughes na Andrew McCollum. Ukiacha shule Mnyambe ukiwa huna wateja, huna mtaji na huna mwalimu, hujafanya alichofanya Zuckerberg. Umeacha shule tu.

Sasa tuje Afrika, kwa sababu jambo hili halikuishia Marekani. Wewe uliyewahi kuishiwa vocha unaujua ule ujumbe wa bure wa kumwomba mtu akupigie. Huko Afrika Kusini, ujumbe huo una historia ya mahakamani. Mwaka 2000, kijana aitwaye Nkosana Makate alikuwa akijifunza kazi ya uhasibu katika kampuni ya Vodacom. Mchumba wake alikuwa mbali na hana salio. Kutokana na shida hiyo Makate akapata wazo: mtu asiye na salio aweze kumtumia mwenzake ishara ya kuomba apigiwe. Akaandika wazo lake, akalipeleka kwa wakubwa wake, akaahidiwa kwa mdomo kwamba likizaa fedha atapata sehemu yake. Wazo likazaa fedha nyingi. Ahadi ikasahaulika, na sifa ya ubunifu akapewa mtu mwingine.

Makate alikwenda mahakamani akashindwa, akaendelea, mpaka akafika Mahakama ya Katiba. Mwezi Aprili mwaka 2016 mahakama hiyo iliamua kwamba ile ahadi ya mdomo iliifunga kampuni, na kwamba wakae wajadiliane malipo kwa nia njema. Hata baada ya hapo, ugomvi wa kiasi gani alipwe uliendelea kwa miaka mingi. Mimi nikiifikiria habari hii naona filamu kamili, tena filamu inayotuhusu kuliko ile ya Harvard. Ina kijana wa kawaida, mchumba aliye mbali, wazo lililotoka kwenye umaskini wa kukosa salio, na ahadi ya maneno matupu iliyomgharimu nusu ya maisha yake ya kazi.

Ndugu msikilizaji, usidhani kila hadithi ya namna hii huishia mahakamani. Iko filamu nyingine ambayo naomba kila mwalimu na kila mzazi wa ukanda huu aitafute. Inaitwa The Boy Who Harnessed the Wind, yaani habari ya mvulana aliyeutumikisha upepo. Ilitoka mwaka 2019. Chiwetel Ejiofor ameiongoza, na yeye mwenyewe ameigiza kama baba. Kijana mkuu ameigizwa na Maxwell Simba, mtoto wa Kenya, na filamu imepigwa Malawi kwenyewe, kwa Kichewa na Kiingereza. Inasimulia maisha ya William Kamkwamba wa wilaya ya Kasungu, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, jirani zetu kabisa.

Mwaka 2001 hadi 2002 Malawi ilipigwa na njaa kali. William alikuwa na miaka 14, akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Akaanza kwenda maktaba ya shule ya msingi ya kijijini, akakuta kitabu cha sayansi chenye picha ya mitambo ya upepo, na Kiingereza chake kikiwa bado cha kuungaunga akajifunza kwa kufuata michoro. Akakusanya vyuma chakavu: feni ya trekta, mabomba ya plastiki, fremu ya baiskeli. Akasimamisha mnara wa miti ya mikaratusi. Watu walimcheka, wengine wakasema amerukwa na akili. Siku balbu ilipowaka, kicheko kikaisha.

Wakulima wa kwetu wataielewa zaidi ile sehemu ya baiskeli. Katika filamu, William anamwomba baba yake baiskeli ili aikate na kuitumia kwenye mtambo. Baiskeli ile ndiyo usafiri wa nyumba nzima, na ghalani hakuna kitu. Baba anakasirika, anaona mtoto anacheza wakati watu wanakufa. Mzazi anayemwona baba yule ni mkatili hajawahi kukaa na watoto wenye njaa. Baadaye baba anakubali, na kukubali kwake ndiko kunakobeba filamu yote. Mtu asiyejua lolote la umeme anakabidhi mali yake ya mwisho kwa mtoto wake, kwa kuamini tu.

Hapa pia filamu imebadilisha mambo. Inaonyesha mtambo ukivuta maji ya kumwagilia shamba, wakati mtambo wa kwanza wa kweli ulitoa umeme wa balbu za nyumbani na wa kuchaji simu za majirani. Maji yalikuja baadaye. Lakini katika kitabu cha maisha yake Kamkwamba ameeleza jambo ambalo nataka uliweke karibu na habari ya Saverin. Alikwama kwa kukosa dainamo. Rafiki yake Gilbert akamwona mtu ana dainamo kwenye baiskeli, akatoa kwacha 200 zake mwenyewe akainunua, akampa. Bila Gilbert mtambo usingewaka. Na Gilbert hakuhitaji mwanasheria ili jina lake litajwe, kwa sababu Kamkwamba amemtaja mwenyewe, kwa shukrani, kwenye kitabu kinachosomwa dunia nzima. Kijana yule alifika mpaka Arusha mwaka 2007, akasimama kwenye mkutano wa TEDGlobal na kueleza kazi yake kwa maneno machache, na kuanzia hapo milango ikafunguka mpaka akasoma chuo kikuu cha Dartmouth huko Marekani. Alipopanda, aliwapandisha na wale waliotangulia kumwamini.

Marafiki wawili, kila mmoja akatoa fedha ya kwanza. Mmoja akaishia kwenye meza ya wanasheria, mwingine akaishia kwenye kitabu cha shukrani. Tofauti yao haikuletwa na ukubwa wa ubunifu. Imeletwa na namna mwenye ubunifu alivyomtunza aliyemwamini.

Sasa utaniuliza, haya ya filamu yanawahusu nini watu wanaovuna korosho na kusubiri maji ya chanzo cha Mitema? Yanawahusu, kwa sababu teknolojia iliyobadilisha maisha yetu kuliko zote imesimama juu ya kuaminiana. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na Tanzania ikaingia mwaka 2008. Kabla ya hapo, mama aliyetaka kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliyeko Kariakoo alisubiri dereva wa basi, na dereva akiwa mwaminifu bahasha ilifika. Ilipokuja huduma ya simu, mama yule aliombwa jambo kubwa: ampe noti zake kijana wa kibandani asiyemjua, naye apokee ujumbe tu kwenye kitochi. Akakubali. Mamilioni wakakubali. Hakuna kijana mmoja anayeweza kusema M-Pesa ni yake. Ilijengwa na wataalamu wengi, ikachangiwa fedha za umma wa Uingereza na za kampuni ya Vodafone, ikajaribiwa kwanza kwa marejesho ya mikopo midogo. Lakini iliyoibeba mpaka vijijini ni imani ya mama na uaminifu wa wakala. Wakala anayekata fedha ya mzee asiyejua kusoma anaharibu kitu kikubwa kuliko ile shilingi elfu aliyoiba.

Watanzania wenzetu wameendelea kujenga juu ya imani hiyo. Mwaka 2014 mitandao ya nchi yetu ilianza kukubaliana fedha zipite kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Baadaye kijana wa Kitanzania, Benjamin Fernandes, aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford, akaanzisha NALA, na programu yake ya mwanzo ilimwezesha mtu kutuma fedha bila hata kuwa na bando. Alianza na shida ambayo watu wake walikuwa nayo. Hilo ni somo lenyewe.

Tuje nyumbani kabisa, kwenye korosho. Ninaamini kwamba filamu bora ya teknolojia kutoka ukanda huu itakuwa ya mnada wa korosho, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo mtu anatangulia kuamini kwa kiasi kikubwa namna hii. Wazee mnakumbuka kangomba: mnunuzi anakuja shambani wakati wa njaa, anapima kwa chombo chake badala ya mizani, anataja bei yake, na mkulima anakubali kwa sababu watoto hawajala. Mwaka 2007 mkoa wa Mtwara ukaanza kutumia stakabadhi ghalani. Mkulima akaambiwa apeleke korosho zake kwenye chama chake cha msingi, zipimwe, apewe karatasi, mzigo uende ghala kuu, na yeye arudi nyumbani mikono mitupu asubiri mnada. Mwaka mzima wa kupalilia, kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga na kuokota kwa mgongo uliopinda, vyote vimegeuzwa kuwa karatasi mkononi. Hakuna mwekezaji wa Marekani aliyewahi kuamini kiasi hicho.

Imani hiyo imepita kwenye majaribu. Mnakumbuka msimu wa mwaka 2018, wakulima walipozikataa bei za minada ya kwanza, mambo yakasimama, na mwezi Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaagizwa kusomba mzigo. Kwa miaka mingi mnada wenyewe ulikuwa wa barua: wanunuzi wanaandika bei, wanafunga, zinafunguliwa mbele ya wakulima. Kisha katika msimu ulioanza mwaka 2024, mauzo yakahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweza kushindana akiwa mbali, na bei inaonekana kwenye kioo mbele ya wakulima. Oktoba mwaka ule, katika minada ya mwanzo, bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Bei hupanda na kushuka kwa sababu nyingi za soko la dunia, na si haki kuupa mtambo sifa yote. Lakini kuonekana kwa ushindani ni jambo la haki, na mkulima alikuwa analidai kwa muda mrefu.

Hata hivyo, mtambo una mipaka yake. Mnada wa mtandaoni unamwonyesha mkulima bei. Haumwonyeshi kama mizani ya chamani ilikuwa sawa siku alipopeleka gunia lake. Haumwelezi makato yamekwenda wapi. Na kama kuna mtu amekalia malipo njiani, kioo hakimsogezi. Hapo ndipo ninapowaita vijana wa Newala na Masasi wanaojua kompyuta. Kazi ipo. Mkulima mwenye kitochi anahitaji, pale pale mzigo unaposhuka, ujumbe mfupi wa Kiswahili safi: kilo ngapi zimepimwa, daraja gani, makato kiasi gani, malipo lini. Kila mfumo uliopo unaweza kuboreshwa mpaka mama wa Mnyambe asihitaji kumwomba mtu yeyote amfafanulie haki yake. Vijana watakaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu hawatakosa riziki.

Na kuna kazi ya pili, ya wasanii. Ukanda huu uliingia kwenye sinema mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule, mtaalamu kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na mashine ya kupigia picha za sinema na mashine ya kunasia sauti. Alipiga picha za ngoma zetu na kunasa nyimbo zetu, akazipeleka Ujerumani, akaandika kitabu kilichompa jina. Babu na bibi zetu walitoa ngoma zao na sauti zao, na hadithi yao ikasimuliwa na mwingine, kwa lugha nyingine, kwa watu wengine. Nao walitangulia kuamini.

Safari hii tusimulie wenyewe. Tanzania ina watengeneza filamu wanaojua kazi. Amil Shivji aliichukua riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akaitolea filamu mwaka 2021 na ikaonyeshwa nje ya nchi kwa heshima. Basi na apatikane kijana wa huku atakayeandika tamthilia ya msichana wa Newala aliyejifunza kuandika programu, wenzake wawili walioanza naye, na bibi yake aliyeuza korosho za msimu mzima ili kompyuta inunuliwe. Mwandishi huyo asikimbilie majumba ya kioo ya Dar es Salaam. Aiweke kamera chamani siku ya kupima. Aiweke kwenye kibanda cha wakala jioni ya siku ya malipo. Aiweke ndani, usiku, bibi anapouliza: mjukuu wangu, fedha yangu imefikia wapi? Swali hilo lina tamthilia kuliko magari ya kifahari kumi.

Kabla sijakuaga, nawapa vijana maneno machache ya kufanyia kazi. Mkikaa chini ya mkorosho na wazo likazaliwa, andikeni siku ile ile: nani ametoa nini, nani atafanya nini, na kila mmoja ana sehemu gani. Sheria yetu ya mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini habari ya Makate imetuonyesha gharama ya kuyathibitisha. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti, shahidi awepo, kila mmoja abaki na nakala. Kampuni ikikua, isajilini kwa wakala wa usajili wa kampuni, BRELA, kwa majina ya wote. Msisaini karatasi iliyoletwa na mwanasheria wa mtu mwingine kabla hamjaisomesha kwa wa kwenu. Taarifa za wakulima mtakazozikusanya, majina yao, namba zao na kilo zao, ni amana. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, kuuza siri ya mtu aliyekuamini ni aibu.

Kwenu wazazi, elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada tangu mwaka 2016. Kamkwamba alifukuzwa kwa kukosa karo, na mtoto wako hana kikwazo hicho. Akianza kufungua redio yako mbovu ili aone ndani kuna nini, usimpige. Muulize anatafuta nini, na kama una baiskeli chakavu, fikiria. Walimu wa sayansi, yapo mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, tangu mwaka 2019. Wapelekeni watoto wa vijijini, wasiende wa mjini peke yao. Viongozi wa vyama vya msingi, kijana akija kuwaonyesha mfumo wa kutuma ujumbe kwa mkulima, mpeni nafasi ya kuujaribu kwenye chama kimoja, mbele ya wakulima wote, na matokeo yake yatangazwe.

Na wewe kijana unayenisikiliza ukiwa na wazo kichwani, usiku huu kabla hujalala, chukua daftari. Andika majina ya wote waliokuamini kabla hujawa mtu: mama, mjomba, rafiki aliyekuazima simu, mwalimu aliyekuachia ufunguo wa maktaba. Mbele ya kila jina andika unachodaiwa. Kisha anza kazi, na siku fedha ya kwanza itakapoingia, lipa kwa kufuata orodha hiyo.